Karatasi na mwili: historia ya cheti cha afya cha wasafiri katika Kongo

Mutu akitaka kutoka Kongo kwenda inchi ya mbali, hata akiwa na pasipoti nzuri na tikiti ya ndege, kuna karatasi ingine ndogo anayoulizwa njiani: kile kibuku cha manjano chenye kuonyesha siku aliyochanjwa juu ya homa ya manjano, na sahihi ya muganga, na muhuri. Mapadri wenye kutumwa Ulaya kusoma wanakijua. Wafanya biashara wenye kuvuka mipaka wanakijua. Wengi wanakitunza vizuri, lakini hawaulizi kimetoka wapi. Na wengine, tuseme kweli, wanacho mufukoni lakini hawajapigwa ile sindano hata mara moja.

Ndiyo sababu tumeona vema kuandika historia yake kwa ufupi. Na tutaanza mbali, kwa malale, maana karatasi ya kwanza ya afya iliyoombwa wasafiri wa inchi yetu haikuwa ya homa ya manjano. Katika safari hii yote tutajiuliza neno moja tu: karatasi ya afya inashuhudia nini, na inamutumikia nani?

I. Malale yafuata njia za watu

Malale ni ugonjwa wa zamani. Wazee walijua alama zake mbele ya Wazungu kufika: tezi za shingo zinavimba, mutu anakonda, anasinzia muchana na kukesha usiku, akili inapotea, na mwisho anakufa. Lakini zamani ugonjwa ulikaa zaidi pahali pake, maana watu wengi hawakusafiri mbali sana.

Tangu mwaka 1885, Léopold II alipofanywa mufalme wa Kongo, mambo yaligeuka. Meli zilipanda na kushuka katika muto. Askari walitolewa upande mumoja na kupelekwa upande mwingine. Maelfu ya watu walibebeshwa mizigo, na maelfu wengine walikimbilia porini juu ya kazi ya mpira. Mwenye kufukuzwa katika shamba lake anakula vibaya, na mwenye kula vibaya hana nguvu ya kushindana na ugonjwa. Nzi ya tse-tse haiendi mbali sana. Mutu ndiye aliyeyapeleka malale mbali, na mara nyingi hakusafiri kwa mapenzi yake.

Misioni zenyewe zilionja uchungu huo. Mapadri wa Scheut walikuwa wamejenga Berghe-Sainte-Marie, karibu na pahali muto Kasai unapoingia katika muto Kongo. Walikusanya kule watoto, wengi wao waliokombolewa katika utumwa. Malale yaliingia, yakaua wengi mno, hata mwisho misioni ikaachwa. Na kule Uganda, kando ya ziwa Victoria, tangu mwaka 1900 ugonjwa huo uliua watu zaidi ya 200.000 katika miaka michache.

Katika mwaka 1903 waganga wa chuo cha Liverpool walifika Kongo ili kuuchunguza. Mumoja wao alikuwa Joseph Everett Dutton, ambaye mbele yake alikuwa ameona mududu wa malale katika damu ya mugonjwa kule Gambia. Pamoja na mwenzake John Todd alipanda muto hata Stanleyville, ndiyo Kisangani ya leo, kisha wakaendelea mpaka upande wa Kasongo, katika Maniema. Njiani walichunguza pia homa ingine, ile inayoletwa na kimputu, yule papasi mwenye kujificha katika udongo wa nyumba. Homa hiyo iliwashika wote wawili. Todd alipona. Dutton alikufa tarehe 27 Februari 1905, na alizikwa katika inchi yetu.

Wale waganga walifundisha neno moja lililogeuza maisha ya watu wengi: ili kumutambua mugonjwa wa malale, gusa kwanza tezi za shingo yake. Todd alisema pia kwamba mwenye tezi zilizovimba asiruhusiwe kuingia katika inchi isiyo na ugonjwa. Kutoka hapo ilizaliwa karatasi ya kwanza.

II. Pasipoti ya muganga

Serkali ilifuata shauri hilo. Miaka ile mbele ya vita ya 1914, inchi iligawanywa: huku upande wenye ugonjwa, huku upande musafi. Katika njia na penye vivuko vituo viliwekwa. Mutu mweusi aliyetaka kupita alisimamishwa na kuguswa shingo. Tezi zikivimba, walizichoma kwa sindano na kutazama maji yake katika mikroskopi. Aliyekutwa muzima alipewa karatasi, passeport médical. Aliyekutwa mugonjwa alipelekwa katika lazareti, kama ile ya Ibembo upande wa kaskazini.

Tusiwe watu wa kuhukumu mbio. Karatasi ile ilikuwa na sababu ya kweli. Ugonjwa ulikuwa unamaliza vijiji, na aliyetaka kuuzuia alihitaji kujua ni nani anayeubeba. Lakini tuangalie ginsi watu walivyoiona.

Kwanza, mwenye kuingia lazareti mara nyingi hakurudi. Dawa ya wakati ule, atoksili, iliwasaidia wengine kwa muda, lakini iliwapofusha wengine macho. Masista na mapadri walisaidia katika lazareti kadhaa. Walilisha wagonjwa, waliwafundisha, waliwazika. Hata hivi, kwa mama aliyenyanganywa mume wake, lazareti ilifanana na gereza. Mume wake hakuwa na kosa. Alikuwa na tezi.

Pili, watu waliona kwamba sheria ilikuwa na macho mamoja. Mwanakijiji mwenye kwenda kumuzika shangazi yake ngambo ya muto aliulizwa karatasi. Lakini Serkali ilipohitaji wapagazi au askari, au kampuni ilipohitaji watu wa kazi, maelfu walisafirishwa. Kweli, wale nao walipimwa, lakini walipimwa hasa ili kazi isikose watu. Watu walielewa upesi kwamba karatasi hii ilimulinda tajiri wa kazi mbele ya kumulinda mwenye shingo.

Tatu, mipaka iliyochorwa na wakubwa ilikata jamaa katikati. Kando ya muto Luapula, Waingereza wenye kutawala ngambo ya mashariki waliwahamisha watu wa pwani na kukataza kuvuka. Watu waliovua samaki katika maji yale yale, wenye kuoana pande zote mbili, walijikuta siku moja ni wageni wao kwa wao.

Matunda yake yalikuwa nini? Watu walijificha. Mitumbwi ilivuka usiku. Mwenye kugusa shingo yake na kusikia tezi hakwenda kwa muganga, alikwenda porini. Na malale yalikwenda pamoja naye, bila karatasi.

III. Muganga afika kijijini

Kisha vita ya 1914-1918 njia ingine ilifunguliwa. Badala ya kumungojea mutu njiani na kumukamata, muganga alikwenda kwake. Timu za waganga na wafirmye zilianza katika Kwango na Kasai, kisha zikaenea pande nyingi. Watu wote wa kijiji walikusanywa, kila mumoja aliitwa kwa jina lake, alipimwa tezi na damu. Aliyekutwa mugonjwa alianza dawa bila kufungwa mbali na watu wake. Dawa mpya ilikuwa imepatikana, triparsamidi, ambayo munganga mwanamuke wa Marekani, Louise Pearce, aliijaribu Léopoldville katika mwaka 1920. Nayo iliweza kuumiza macho, lakini iliponya wagonjwa ambao zamani walihesabiwa kuwa wafu. Katika mwaka 1930 mfuko wa malkia Elisabeth, ulioitwa FOREAMI, uliwekwa ili kufanya kazi hiyo kwanza katika Bas-Congo.

Tusiseme kwamba mambo yote yalikuwa mema. Shefu aliyekosa kukusanya watu wake aliweza kuazibiwa, na wengi walikuja kwa woga. Lakini hesabu zinasema neno. Katika mwaka 1930 timu zilivumbua wagonjwa wapya zaidi ya 33.000 katika Kongo. Kufika mwaka 1959 walikuwa kama 1.200 tu.

Ni nani aliyefanya kazi ile? Vitabu vinataja majina ya waganga wa Ulaya. Lakini aliyekaa muchana kutwa kwenye mikroskopi, aliyepiga sindano, aliyejua kusema na wazee katika luga yao, alikuwa mara nyingi mufirmye wa Kongo. Hakuachiwa cheo cha muganga, lakini kijiji kilimujua.

Kisha 1960 vita na umasikini vilivunja zile timu pande nyingi. Katika mwaka 1998 wagonjwa wapya walikuwa tena zaidi ya 26.000. Timu zilipofufuliwa, ugonjwa ulishuka tena. Siku hizi wengi wanatibiwa kwa vidonge vya kumeza tu. Hapa twapata fundisho la kwanza: malale hayakushindwa na karatasi. Yalishindwa na mutu aliyefika kijijini na mikroskopi na dawa, akarudi tena mwaka uliofuata. Karatasi bila kazi hiyo ni kama mulango usio na nyumba.

IV. Kibuku cha manjano

Turudi sasa kwa kibuku chetu. Zamani za meli, mugonjwa wa homa ya manjano alikufa au alipona mbele ya kufika mbali. Ndege iliharibu ulinzi huo. Mutu aliyeumwa na mbu leo katika Afrika aliweza kushuka kesho katika Bara Hindi, inchi yenye mbu wa aina ile ile na watu wengi sana, lakini isiyojua ugonjwa huo hata siku moja. Ndiyo maana katika mwaka 1933 mataifa yalifanya mapatano kule La Haye juu ya afya na safari za ndege. Katika mwaka 1937 Max Theiler na wenzake walipata chanjo iliyo nzuri, inayoitwa 17D. Juu ya kazi hiyo alipewa zawadi ya Nobel katika mwaka 1951. Na mwaka ule ule Shirika la Afya la Dunia (OMS) liliweka sheria moja kwa inchi zote juu ya magonjwa sita: tauni, kipindupindu, homa ya manjano, ndui, tifusi, na homa ya kurudia-rudia. Vyeti vya chanjo vikaanza kuwa vya namna moja duniani pote.

Tuangalie kilichoandikwa ndani, maana kila mustari una sababu yake. Jina, ili cheti kisipewe mutu mwingine. Tarehe, maana kinga haiji siku ile ile. Cheti kinaanza kuwa na nguvu kisha siku 10. Namba ya dawa, ili dawa ikiharibika ijulikane ilitoka wapi na nani waliipata. Sahihi na muhuri, ili awepo mutu wa kujibu. Zamani cheti hicho kilidumu miaka 10. Tangu tarehe 11 Julai 2016 kinadumu maisha yote.

Cheti cha ndui nacho kilikuwa na historia yake. Katika mwaka 1968 kazi kubwa ya kumaliza ndui ilianza katika Kongo. Timu zilikwenda kwa motokari, kwa kinga, kwa mutumbwi, na kwa miguu. Mwenye kuchanja hakuomba karatasi. Aliomba mukono, akatafuta kovu. Kovu lile halikuweza kununuliwa. Karatasi na mwili vilisema neno moja. Katika mwaka 1971 mugonjwa wa mwisho wa ndui alionekana katika inchi yetu. Tarehe 8 Mei 1980 OMS ilitangaza kwamba ndui imekwisha duniani, na tangu mwaka 1982 sheria za OMS hazitaji tena cheti cha ndui. Karatasi ile ilikuwa imemaliza kazi yake. Heri karatasi yenye kufa hivyo!

V. Kinshasa 2016, Goma 2019

Lakini kuna wakati ambapo karatasi na mwili vinaachana. Tutoe mifano miwili ya miaka hii.

Kufika mwisho wa mwaka 2015 homa ya manjano iliwaka katika Luanda, muji mukubwa wa Angola. Ikavuka mupaka pamoja na wachuuzi. Wafanyakazi 11 wa China waliokuwa Angola waliirudisha kwao. Sheria ya cheti ilikuwako, lakini ugonjwa ulipita. Katika Juni 2016 Serkali yetu ilitangaza ugonjwa. Katika Kongo maabara ilihakikisha wagonjwa zaidi ya 70, walio wengi walitoka Angola. Hatari kubwa ilikuwa Kinshasa, muji wa mamilioni ya watu, na mbu hakosi katika mitungi na matairi ya zamani. Dawa ya dunia nzima haikutosha, maana chanjo hiyo inafanywa katika mayai ya kuku, na kazi yake ni ya miezi mingi.

Basi waganga walifanya shauri la kuigawanya: kila mutu apate sehemu moja katika tano. Katika Agosti 2016, kwa siku chache, watu zaidi ya milioni 7 walichanjwa katika Kinshasa. Walimu, viongozi wa mitaa, watu wa Eklesia mbalimbali, wote walisaidia kuita watu. Kisha walipima damu ya mamia kadhaa ya waliochanjwa, wakakuta karibu wote wamepata kinga. Na ugonjwa haukuwaka katika muji ule kama ilivyoogopwa.

Lakini sheria ya safari haikutambua ile sehemu moja katika tano. Mutu wa Kinshasa aliyechanjwa hivyo hakuweza kupata cheti cha kwenda inchi za inje. Alikuwa na kinga katika damu, lakini hakuwa na karatasi. Na katika dunia hii hii yupo mwingine aliyenunua kibuku mbele ya safari, bila sindano: huyo ana karatasi, lakini hana kinga. Penye mupaka wa pili atapita, na wa kwanza atarudishwa. Mbu hasomi karatasi. Akimuuma huyo wa pili, atapata anachotafuta.

Mufano wa pili ni wa Kivu. Tangu Agosti 2018 mpaka Juni 2020, Ebola iliua watu 2.287 katika Kivu ya Kaskazini, Ituri na hata Kivu ya Kusini. Katika barabara bariyeri za afya ziliwekwa: kunawa mikono, kupimwa joto, kuandika jina. Katika Julai 2019 mchungaji mumoja alipanda basi kutoka Butembo kwenda Goma, naye alikuwa mugonjwa. Alipita bariyeri tatu, bila alama za ugonjwa kuonekana kwake. Wizara ya afya ilisema kwamba katika kila bariyeri aliandika jina lingine. Alifika Goma tarehe 14 Julai, na ilijulikana kwamba ni Ebola. Alirudishwa Butembo akatibiwe, akafa njiani. Dreva na abiria wa basi walitafutwa mumoja mumoja, wakachanjwa. Neno lilisimamishwa, lakini kwa kazi nyingi na woga mukubwa, maana Goma inagusana na Gisenyi ya Rwanda.

Tusimutukane marehemu. Tujiulize afazali: mutu anabadili jina lake juu ya nini? Anabadili akiamini kwamba aliye bariyeri anamutafuta ili kumukamata, si ili kumuponya. Ni woga ule ule wa mitumbwi ya usiku, miaka mia moja mbele yake. Wajukuu wamesahau lazareti, lakini woga wake haujaisha.

VI. Shahidi

Sisi wenye kutunza buku za ubatizo katika misioni tunaweza kuelewa jambo hili upesi kuliko wengine. Cheti cha ubatizo si ubatizo. Kinashuhudia tu kwamba siku fulani, pahali fulani, maji yalimwagwa kweli juu ya mutu huyu. Padri akiandika katika buku jina la mutu asiyebatizwa, hakumubatiza. Amesema uwongo juu yake, na ameharibu imani ya watu kwa buku nzima. Vivyo hivyo cheti cha chanjo. Anayekiuza bila sindano hamusaidii musafiri. Anamutuma vitani bila ngao, na anawafanya wakubwa wa mipaka kuzarau vyeti vya wenzake wote walio wa kweli.

Lakini ushuhuda una pande mbili. Musafiri hana haki ya kusema uwongo, na wakubwa hawana haki ya kuigeuza karatasi kuwa mutego. Chanjo ikipatikana katika muji mukubwa tu, na mutu akitembea siku mbili kuitafuta; faranga zikiombwa zaidi ya bei iliyowekwa; askari wa bariyeri akitaka pesa kuliko kusoma: hapo watu watajifunza tena kupita usiku. Tumeona katika historia mwisho wa mambo hayo.

Kwa hiyo, wapenzi wasomaji, tusingojee siku ya safari. Mwenye kutumwa inje achanjwe mapema, na mukono wake uwe wa kwanza, kibuku kiwe cha pili. Mwalimu wa dini akiombwa kuwakusanya watu juu ya chanjo, aulize kwanza: dawa gani, kwa nani, ya nini? Akishaelewa, aeleze kwa maneno ya watu wake, bila kuficha kwamba zamani wamekosewa. Wazee wenye kukumbuka habari za malale wasichekwe, wana sababu. Waonyeshwe tu kwamba mufirmye wa leo, mara nyingi, ni mutoto wa kijiji hicho hicho, na kwamba akigusa shingo ya mutu anatafuta kumurudisha nyumbani kwake.

Dutton alilala upande wa Kasongo hata leo. Hakuwa na karatasi ya kumulinda na kimputu. Alikuwa na mikroskopi, na alitaka kujua kweli. Kibuku cha manjano chenye kusema kweli kinatoka katika kazi ya watu wa namna hiyo, Wazungu na weusi, wenye jina katika vitabu na wasio na jina. Tusikifanye kuwa kitu cha soko.